Utafiti wa ugonjwa wa hisia mseto katika Afrika Mashariki

Utafiti wa ugonjwa wa hisia mseto ni kazi ya kisayansi inayotafuta vyanzo vya ugonjwa huo katika mwili wa binadamu na njia za kuutibu. Ugonjwa wa hisia mseto (huitwa pia ugonjwa wa bipola) ni ugonjwa wa akili ambapo mtu hupitia vipindi vya mania, yaani kuchangamka kupita kiasi, na vipindi vya sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea nguvu na hamu ya maisha. Kati ya kipindi kimoja na kingine mgonjwa anaweza kuwa mzima kabisa kwa miezi au hata miaka.

Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya utafiti huo ilifanyika Ulaya na Amerika Kaskazini. Tangu miaka ya 1990 Ethiopia, Uganda na Kenya zimetoa mchango wao, na kazi hiyo imeonyesha kwamba tatizo la eneo hili lina pande mbili: kuelewa ugonjwa wenyewe, na kuufikishia tiba mtu anayeishi mbali na hospitali. Delta ya mto Rufiji katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania, inaonyesha vizuri upande wa pili. Dawa iliyothibitika zaidi ya ugonjwa huu, lithi, inahitaji kupimwa katika damu mara kwa mara, ilhali vijiji vingi vya delta hufikiwa kwa boti tu.

Dalili

Katika mania mtu hulala saa chache bila kuchoka, huongea haraka, hurukia mambo mengi kwa wakati mmoja, hutumia fedha ovyo na hujiona ana uwezo au cheo kisicho cha kawaida. Anaweza kuuza shamba, nyavu au chombo cha kuvulia kwa bei ya kutupa, au kugombana na watu anaowapenda. Hali hiyo ikidumu angalau wiki moja, au ikilazimu mtu kulazwa, huitwa mania kamili. Ikiwa nyepesi zaidi na kudumu angalau siku nne huitwa hipomania.

Kipindi cha sonona hudumu angalau wiki mbili. Mgonjwa hukosa raha, hujilaumu, hulala kupita kiasi au hukosa usingizi, na anaweza kufikiria kujiua. Kwa wagonjwa wengi siku za sonona ni nyingi kuliko za mania.

Madaktari hutofautisha aina mbili kuu: aina ya kwanza yenye mania kamili, na aina ya pili yenye hipomania pamoja na sonona. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 40 duniani walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 25, wakati ambapo kijana anasoma, anaanza kazi au anaoa.

Biolojia ya ugonjwa

Urithi

Ugonjwa wa hisia mseto ni kati ya magonjwa ya akili yanayofuata ukoo zaidi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba asilimia 60 hadi 85 ya tofauti za hatari kati ya watu zinatokana na urithi. Hata hivyo, mapacha wa kufanana wenye jeni zilezile hawaugui wote wawili kila mara. Mtoto wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtoto mwingine, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaugui kamwe. Kwa hiyo urithi huongeza uwezekano bila kuamua mambo peke yake. Mikasa ya utotoni, kukosa usingizi, kujifungua na matumizi ya vilevi huchangia.

Hakuna jeni moja ya ugonjwa huu. Mwaka 2008 wanasayansi walitaja jeni ANK3 na CACNA1C, ambazo zote mbili zinahusika na jinsi ioni zinavyopita katika utando wa seli za neva. Mwaka 2021 utafiti wa kimataifa uliolinganisha wagonjwa zaidi ya 41,000 na watu wasio wagonjwa ulipata sehemu 64 za jenomu zinazohusiana na ugonjwa. Mwaka 2025 utafiti mwingine wenye wagonjwa zaidi ya 158,000 ulifikisha sehemu 298. Kila sehemu huongeza hatari kidogo sana. Mwaka 2022 ilipatikana pia jeni AKAP11, ambayo ikiharibika huongeza hatari kwa kiasi kikubwa, ingawa uharibifu huo hutokea kwa watu wachache mno.

Seli na ubongo

Picha za ubongo za watu zaidi ya 6,000 zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zilionyesha kwamba, kwa wastani, gamba la ubongo la wagonjwa ni jembamba kidogo katika sehemu za mbele na za pembeni. Waliokuwa wakitumia lithi walikuwa na gamba nene zaidi kuliko wagonjwa wasioitumia. Tofauti hizo ni za wastani wa makundi tu. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mtu mmoja kama ana ugonjwa huu, na utambuzi bado hufanywa kwa mazungumzo na mgonjwa na jamaa zake.

Mwaka 2015 watafiti walichukua seli za ngozi za wagonjwa, wakazigeuza kuwa seli za neva katika maabara, na kuona kwamba zilisisimka kupita kiasi. Lithi ilizituliza seli za wale tu ambao dawa hiyo iliwasaidia katika maisha yao. Jambo hilo linaonyesha kwamba chini ya jina moja la ugonjwa huenda kuna njia tofauti za kibiolojia.

Saa ya mwili

Mwili una mfumo unaopanga usingizi, joto na homoni kufuatana na mchana na usiku. Kwa wagonjwa wengi mfumo huo huyumba kwa urahisi. Kukosa usingizi kwa usiku mmoja au miwili kunaweza kuwa dalili ya mania inayokuja na pia kunaweza kuichochea. Ndiyo maana ratiba thabiti ya kulala ni sehemu ya matibabu.

Utafiti katika Afrika Mashariki

Ethiopia

Katika wilaya ya Butajira, kusini mwa Addis Ababa, watafiti waliwahoji watu zaidi ya 68,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kwa kupita nyumba kwa nyumba. Karibu mtu 1 kati ya 200 aliwahi kuwa na ugonjwa wa hisia mseto wa aina ya kwanza, na wengi wao hawakuwahi kupata tiba ya hospitali. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka miwili na nusu, karibu theluthi mbili walirudiwa na ugonjwa.

Utafiti mwingine ulifanyika kwenye visiwa vya ziwa Zeway, ambako jamii ndogo imeishi kwa kujitenga kwa muda mrefu. Huko watafiti walikuta ugonjwa wa hisia mseto kwa karibu watu 2 kati ya 100, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko Butajira. Tafiti hizo zilisaidia kufuta dhana ya zamani kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa miji ya Magharibi.

Uganda

Mwaka 2006 watafiti wa Kampala walichapisha ulinganisho kati ya mania ya kawaida na mania inayotokana na virusi vya UKIMWI. Wagonjwa wa kundi la pili walikuwa na umri mkubwa zaidi, walikuwa na hasira zaidi kuliko furaha, na uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri ulikuwa umepungua zaidi. Fundisho lake kwa zahanati ni kwamba mtu mzima anayepata mania kwa mara ya kwanza achunguzwe mwili pia, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa maambukizi yenye tiba yake.

Mradi wa NeuroGAP

Mwaka 2018 ulianza mradi mkubwa unaoitwa NeuroGAP-Psychosis nchini Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Ulishirikisha vyuo vikuu vya Addis Ababa, Moi, Makerere na Cape Town, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichopo Kilifi, pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard na Taasisi ya Broad za Marekani. Watu zaidi ya 42,000 walishiriki, wakiwa wagonjwa wa skizofrenia au hisia mseto pamoja na watu wasio na magonjwa hayo kwa ajili ya kulinganisha. Kila mshiriki alihojiwa na kutoa mate, ambayo hutumika kupata DNA. Nchini Kenya Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha za mahojiano.

Kwa kuwa ugonjwa unaweza kudhoofisha uamuzi wa mtu, washiriki waliulizwa maswali ya kuhakikisha kwamba wameelewa utafiti kabla ya kukubali.

Sababu ya mradi huo ni kwamba tafiti za jeni zilizotangulia zilitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Vipimo vya hatari vilivyotengenezwa kutokana nao hufanya kazi vibaya kwa Waafrika. Aidha, Afrika ina aina nyingi zaidi za jenomu kuliko bara lolote, jambo linalorahisisha kubaini ni badiliko lipi hasa la jeni linaloleta hatari. Manufaa ya kazi ya Kilifi na Eldoret kwa hiyo yanaweza kumfikia mgonjwa yeyote duniani.

Matibabu

Lithi

Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliripoti kwamba chumvi za lithi ziliwatuliza wagonjwa 10 wa mania. Alianza kwa kuwachoma sindano simbilisi, akaona wametulia, kisha akajaribu dawa hiyo mwilini mwake kabla ya kuwapa wagonjwa. Mgonjwa wake wa kwanza alipona kiasi cha kurudi nyumbani, lakini alifariki mwaka 1950 kwa sumu ya lithi, kwa kuwa kiwango cha dawa katika damu hakikuwa kikipimwa. Mwaka 1954 Mogens Schou wa Denmark na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha lithi na vidonge visivyo na dawa. Upimaji wa damu ulipoenea, lithi ikawa dawa inayoaminika, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1970.

Lithi huzuia kimeng'enya kinachoitwa GSK-3 na hupunguza ishara fulani ndani ya seli za neva. Hupunguza mania, huchelewesha kurudi kwa ugonjwa na hupunguza vifo vya kujiua. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hupata nafuu kubwa sana.

Ugumu wake ni kwamba kiwango kinachotibu kiko karibu na kiwango kinachodhuru. Kwa kawaida damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kiwango kinachotakiwa ni takriban milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Zaidi ya 1.5 sumu huanza kuonekana: kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba na kuchanganyikiwa. Mgonjwa hupimwa kila wiki mwanzoni, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6, pamoja na figo na tezi ya thairoidi.

Dawa nyingine

Valproeti na kabamazepini zilianza kama dawa za kifafa, na hupatikana katika hospitali nyingi kuliko lithi. Valproeti haifai kwa msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba, kwa sababu takriban mtoto 1 kati ya 10 waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kilema, na wengine wengi huchelewa kukua kiakili. Kabamazepini hupunguza nguvu ya dawa nyingine, zikiwemo vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za UKIMWI na dawa mseto ya malaria (ALu).

Haloperidoli, kloropromazini, olanzapini na dawa nyingine za kundi hilo hutuliza mania haraka. Lamotrijini husaidia zaidi kuzuia sonona. Dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa kwenye mania, kwa hiyo kila mwenye sonona anapaswa kuulizwa kama aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi.

Elimu kwa mgonjwa na familia

Majaribio katika nchi mbalimbali yameonyesha kwamba mgonjwa na familia wakifundishwa kutambua dalili za mwanzo, kutunza usingizi na kutoacha dawa, ugonjwa hurudi mara chache zaidi. Nchini Rwanda elimu ya vikundi imejaribiwa kwa wagonjwa wa hisia mseto. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandaa mpango wa elimu kwa familia uitwao KUPAA kwa watu wenye magonjwa ya saikosisi huko Dar es Salaam na Mbeya.

Delta ya Rufiji na Kibiti

Mazingira

Mto Rufiji unaingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia kwa kugawanyika katika mikono mingi. Delta yake ina mojawapo ya misitu mikubwa zaidi ya mikoko katika Afrika Mashariki. Wakazi wake hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na husafiri kwa mitumbwi na boti kufuata maji kupwa na kujaa. Mji wa Kibiti uko bara, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi. Mtu wa Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni au Msala anayehitaji hospitali huanza safari majini, mara nyingi kupitia bandari ya Nyamisati, kisha huendelea kwa gari. Huduma za rufaa ziko Tumbi (Kibaha) na Muhimbili (Dar es Salaam), na hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Mirembe, Dodoma.

Ugonjwa usioonekana katika takwimu za vifo

Rufiji, ambayo zamani ilijumuisha Kibiti, inajulikana katika historia ya utafiti wa afya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada ulitumia takwimu za kaya zilizokusanywa wilayani kupanga bajeti kulingana na magonjwa yaliyoua watu wengi. Vifo vya watoto vilipungua sana. Lakini takwimu za vifo haziwezi kuonyesha vizuri ugonjwa ambao huharibu miaka ya kazi, ndoa na masomo bila kuandikwa kama sababu ya kifo. Ndiyo maana tafiti za nyumba kwa nyumba kama ya Butajira zina umuhimu wake.

Dawa, maji na chumvi

Lithi hutolewa mwilini na figo pamoja na maji na chumvi. Mtu akipungukiwa maji kwa kuharisha, homa, kutapika au kufanya kazi juani, figo huibakiza lithi na kiwango chake hupanda. Vivyo hivyo mtu akianza ghafla kula bila chumvi. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, pamoja na baadhi ya dawa za presha, hupandisha kiwango hicho pia, na baadhi yake hununuliwa kwa urahisi katika duka la dawa. Kwa mgonjwa wa lithi, parasetamoli ni salama zaidi kwa maumivu ya kawaida. Akipata kuharisha au kutapika anapaswa kusimamisha dawa kwa muda na kumwona mtabibu mapema.

Mafuriko nayo hukata njia. Mwezi Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kuacha lithi ghafla huongeza hatari ya mania kurudi, kwa hiyo mgonjwa wa bondeni anahitaji akiba ya dawa kabla ya masika.

Usingizi

Kazi za delta hazifuati saa za ofisi. Wakulima hukaa kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya wanyama na ndege, na wavuvi hutoka usiku kulingana na bamvua. Kwa mwenye ugonjwa huu mikesha mfululizo ni hatari. Familia inaweza kugawana zamu ili mgonjwa apate kulala, hatua ambayo haigharimu fedha.

Mfungo wa Ramadhani

Waislamu ni wengi katika eneo hili, na swali la kufunga huulizwa kila mwaka. Utafiti wa Peshawar, Pakistan, uliochapishwa mwaka 2010, haukuona mabadiliko makubwa ya kiwango cha lithi kwa wagonjwa waliofunga wakiwa wanafuatiliwa. Utafiti mdogo wa Casablanca, Moroko, wa mwaka 2000 uliona karibu nusu ya wagonjwa 20 wakirudiwa na dalili. Kukatika kwa usingizi usiku wa mfungo huenda kunachangia. Hivyo uamuzi hufanywa na mgonjwa, daktari na, akipenda, sheikh wake, kabla ya mwezi kuandama. Dini ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa kutofunga.

Waganga na zahanati

Kama kwingineko pwani, mania huweza kuelezwa kuwa ni jini au kurogwa, na familia huanza kwa mganga au kisomo. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 uliona kwamba karibu nusu ya watu waliokwenda kwa waganga walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, mara mbili ya waliokwenda kwenye kliniki. Mganga basi ni mtu wa kushirikiana naye katika kumfikisha mgonjwa hospitalini. Dua na dawa vinaweza kwenda pamoja, isipokuwa kumfunga mgonjwa minyororo, kumpiga au kumnyima chakula.

Uwezo wa vituo vidogo ulijaribiwa zamani: mpango wa taifa wa afya ya akili wa miaka ya 1980 ulianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa WHO na Denmark, kwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuwatibu wagonjwa karibu na nyumbani. Kwa delta, mpangilio wa namna hiyo unamaanisha daktari wa hospitali kuanzisha dawa, zahanati kuendelea kuitoa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii kumtembelea mgonjwa, na damu kupimwa kwa ratiba inayojulikana. Pale ambapo damu haiwezi kupimwa, WHO inashauri lithi isianzishwe, na dawa nyingine itumike badala yake.

Wakati wa kutafuta msaada haraka

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa hajalala kwa siku kadhaa, akizungumzia kujiua au kudhuru wengine, akikataa kula na kunywa, au akitumia lithi na kuanza kuyumba, kutetemeka sana au kuchanganyikiwa. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Mwanamke mwenye ugonjwa huu aangaliwe kwa karibu katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwa sababu ndipo hatari ya kurudiwa inapokuwa kubwa zaidi.

Tazama pia

Sonona
Skizofrenia
Lithi
Delta ya Rufiji
Wilaya ya Kibiti